Ni duaradufu, na upande wa kulia unatoka 36, si 16
Mlinganyo ulioleta ukiuliza ni wa umbo gani na wapi umekosea, 4x² + 9y² − 16x + 18y − 11 = 0, ni wa duaradufu (umbo kama duara lililovutwa upande mmja), na hilo hutarajiwa hata kabla ya kukokotoa, kwa kuwa hauna xy ndani yake na namba zilizo mbele ya x² na y² zina alama moja lakini hazilingani. Zingelingana, lingekuwa duara. Alama zingetofautiana, ingekuwa haipabola (mikunjo miwili iliyopeana mgongo). Na kama herufi moja tu ingekuwa na mraba, ingekuwa parabola (mkunjo mmoja ulio wazi upande mmoja).

Ulipokosea ni kwenye kukamilisha mraba, yaani kuongeza namba ili x² − 4x iwe (x − 2)² na y² + 2y iwe (y + 1)². Uliandika vizuri 4(x² − 4x) + 9(y² + 2y) = 11, kisha ukaongeza 4 na 1 ndani ya mabano, na upande wa kulia ukaongeza 4 na 1 vilevile, ukapata 16. Lakini ile 4 ya ndani inazidishwa na 4 iliyo nje, na ile 1 inazidishwa na 9, kwa hiyo kwa kweli umeongeza 16 na 9, na jumla ya kulia ni 36. Gawanya pande zote kwa 36:

(x − 2)²/9 + (y + 1)²/4 = 1

Kitovu ni (2, −1), nusu ya mhimili mrefu ni 3, nusu ya mfupi ni 2. Upande wa kulia ungetoka 0 badala ya 36, ungebaki na nukta moja tu. Ungetoka hasi, kusingekuwa na mchoro wowote, kwa hiyo usitangaze duaradufu kwa uhakika kabla ya kufika hapo.