Netsuke ya Hannya: omba picha ya mgongo kwanza

Mkuu, usitume hela! Unauliza Hannya ni nani, hicho kinyago kidogo cha Kijapani (netsuke, kishikizo cha kamba mkandani) unachotaka kununua kina thamani gani na kinasafishwaje, lakini picha zote ulizoweka ni za usoni. Mimi niliuziwa hivyo hivyo.

Muuzaji wangu alijua kusimulia. Alinipa habari za Kiyohime, binti aliyempenda mtawa Anchin. Mtawa akamkimbia, akajificha chini ya kengele ya hekalu la Dojoji. Kiyohime akageuka joka kwa hasira, akajizungusha kwenye kengele na kumuunguza humo ndani. Masimulizi hayo ni ya kale kweli, na Hannya ndiye mwanamke aliyetafunwa na wivu mpaka akaota pembe. Ila kile kipande hakikuwa cha kale. Kilipofika nikakigeuza: mgongo bapa, mshono wa kalibu ukingoni, matundu yenye kingo kali kana kwamba yametobolewa jana. Resini tupu! Na aliniapia ni pembe ya ndovu ya enzi ya Edo ya Japani (1603–1868). Nilipomwandikia, akanifungia mawasiliano. Tapeli yule alijua fika anachouza, na akiba yangu ikaenda. Kiyohime angemzungushia kengele na yeye.

Netsuke haikuwa pambo la kabatini. Kimono haina mifuko, kwa hiyo mwanamume alining'iniza kifuko cha tumbaku au inro, kile kijaluba cha dawa, kwa kamba iliyopita nyuma ya mkanda wake. Netsuke ilikaa juu kuzuia kamba isichomoke. Kwa hiyo ushahidi uko mgongoni, kamba ilikosugua. Iliyovaliwa miaka mingi ina matundu yaliyolainika, na mara nyingi moja ni pana kuliko jingine ili fundo lizame humo. Vinyago vingi vimechimbwa kwa ndani mfano wa vile vikubwa vya Noh, maigizo ya jadi ya Kijapani, vingine vina kijiti cha kupitishia kamba.

Sahihi isikubabaishe. Ukoo wa Deme ulisifika kwa kuchonga vinyago vya Noh na netsuke, ndiyo maana jina lao linabandikwa hata kwenye takataka. Na usijaribu kukipima kwa kukichoma na sindano ya moto, utakiharibu kama ni halisi.

Mwandikie leo akupigie picha ya mgongo juani, matundu yaonekane kwa karibu. Akikuletea tena hadithi badala ya picha, achana naye. Akituma, iweke hapa tuitazame.