Mtoto ana miezi 7, nataka kufunga kizazi: ni uamuzi au ni ugonjwa?

SWALI: Kifungua mimba wetu ana miezi 7. Tulipanga watoto watatu, lakini siku hizi nikiulizwa "wa pili lini?" natamani kukimbia. Mwanangu nampenda, ila mimi mwenyewe sijielewi. Hata nilivyovipenda havinivutii tena. Nimemwambia mume wangu nataka kufunga kizazi, anasema nitapoa tu. Nani yuko sahihi?

JIBU: Dada, hapo umeuliza maswali mawili kwa mpigo: unaumwa? Na je, unataka mtoto mwingine? Tuanze na la kwanza, maana la pili halijibiki vizuri kabla yake.

Machozi ya siku za mwanzo baada ya kujifungua huisha yenyewe ndani ya wiki mbili. Wewe una miezi 7. Kliniki huwa nauliza hivi: mtoto akilala, na kuna mtu wa kumwangalia, wewe unalala? Mama aliyechoka tu husinzia hata akiwa amekaa. Anayekodolea dari macho mpaka mtoto aamke, huyo simruhusu aondoke bila kipimo cha Edinburgh, cha kutambua sonona (huzuni nzito isiyoisha, ambayo ni ugonjwa) baada ya kujifungua: maswali 10 kuhusu siku 7 zilizopita, dakika chache tu. La mwisho ni kama umewaza kujidhuru. Jibu likiwa ndiyo, usisubiri tarehe ya kliniki, nenda siku hiyohiyo. Omba pia upimwe wingi wa damu na tezi ya shingo. Damu ikipungua au tezi hiyo ikiyumba baada ya uzazi, uchovu wake hufanana sana na sonona.

Sasa hilo la pili. Mwaka 2015 watafiti Rachel Margolis na Mikko Myrskylä walichapisha uchambuzi wa wazazi wa Ujerumani: wale ambao furaha yao ilishuka zaidi baada ya mtoto wa kwanza ndio waliokuwa na uwezekano mdogo wa kupata wa pili. Kwa hiyo mumeo asilichukulie hili kama homa ya kupita.

Lakini kufunga kizazi ni kwa kudumu, na kukifungua tena ni upasuaji usio na uhakika. Usikifunge kabla hujapimwa. Kwa sasa kuna njia za muda za kuzuia mimba: kijiti cha mkononi hukaa miaka 3 au 5 kutegemea aina, kitanzi cha shaba hata 10. Vyote unaweza kuvitumia ukinyonyesha, na ukibadili mawazo vinatolewa. Usitegemee kunyonyesha kukukinga, kinga hiyo haiaminiki tena mtoto akipita miezi 6. Wala hakuna haraka: Shirika la Afya Duniani linashauri ipite angalau miezi 24 tangu kujifungua kabla ya mimba nyingine.

Ukishapata nafuu na bado hutaki, rudi tuzungumzie kufunga kizazi, sitakubishia. Uje na mumeo, kwa sababu kwa mwanamume ni operesheni ndogo zaidi.