Magazeti darasa la kwanza: mpe mtoto kipande, usimpe gazeti zima

Mwalimu mwenzangu uliyeuliza kama magazeti yanafaa kwa darasa la kwanza wakati watoto bado hawajui kusoma na vitabu ni vya kugawana: yanafaa, tena sana. Nafundisha la kwanza na la pili katika shule ya serikali, na ukiacha ubao, hakuna zana ninayoitegemea kama magazeti ya zamani. Walimu wengi huyaacha mapema kwa sababu wanampa mtoto gazeti zima na kumwambia asome. Habari ya gazeti imeandikwa kwa ajili ya mtu mzima, sentensi moja inakula mistari mitano. Hiyo huwezi kuibadilisha. Unachoweza kubadilisha ni kazi unayompa mtoto. Hawezi kusoma habari ya bajeti, lakini anaweza kuisaka silabi "ba" mle ndani mpaka aipate, na akiipata anafurahi kweli.

Anza na vichwa vya habari, maana herufi zake ni kubwa. Vikate nyumbani usiku uliotangulia, kila watoto wawili kipande kimoja. Tukiwa kwenye irabu, wanazungushia kila "a" wanayoiona kwa penseli. Hapo jiandae, kwa sababu mtoto atakuja kukuambia kwamba kwenye kipande chake hakuna "a" hata moja, na wewe unaziona tele. Usimkemee. "A" unayoandika ubaoni ni duara lenye mkia. Ile ya gazetini mara nyingi imeinama kwa juu, na kuna magazeti ambayo hata "g" yake haifanani na yetu ya ubaoni. Kisha kichwa kizima kinaweza kuwa kwa herufi kubwa, naye kazoea ndogo. Mimi huandika sura zote tatu ubaoni, tunaziita wote kwa sauti moja, "a", halafu wanarudi kusaka upya. Binti mmoja aliipa ile ya gazetini jina la "a yenye kofia", na darasa zima likalichukua. Kipindi hicho kimoja kinasaidia sana, kwa sababu huko mtaani, kwenye mabango na mifuko ya unga, mtoto atakutana na herufi za chapa.

Wakishazijua silabi, kata maneno. Hili ndilo zoezi ninalolipenda kuliko yote. Chukua MAJI na SOKO kutoka vichwa viwili tofauti, vikate katikati: MA, JI, SO, KO. Waachie dawatini wapange. Watapata SOMA, watapata JIKO, mmoja atapata KOMA na wenzake watacheka. Mwingine atapanga KOSO, na hapo usiseme "umekosea"; waulize wenzake kama neno hilo wanalijua. Wakisema hawalijui, analivunja mwenyewe na kupanga lingine. Mtoto aliyekuwa anakariri "ba be bi bo bu" kama wimbo anaona kwa vidole vyake kwamba silabi ileile inahama neno moja kwenda jingine. Kata maneno mafupi tu ya silabi mbili mbili. Maneno kama "mgombea" au "utekelezaji" yaache mpaka darasa la pili.

Picha nazo zina kazi yake. Funika maelezo yaliyo chini ya picha, wape watoto picha tupu, waulize: nani huyu, anafanya nini, wapi, kabla ya hapo kulitokea nini? Wanachosema kiandike ubaoni vilevile walivyosema, msome pamoja, ndipo uwasomee maelezo ya gazeti. Watoto wakimya wa darasa langu huwa wanaongea kwenye kipindi hiki, pengine kwa sababu hakuna jibu moja lililofichwa.

Hisabati ya darasa la pili iko kurasa za michezo. Msimamo wa ligi una mechi, ushindi, sare, kufungwa na pointi. Timu ikiwa imecheza 9, ikashinda 6, ikatoa sare 2 na kufungwa 1, waache wahakikishe kwamba 6 na 2 na 1 ni 9 kweli. Kisha wahesabu pointi, tatu kwa kila ushindi na moja kwa kila sare: tatu tatu mara sita, waongeze mbili za sare, wapate 20. Shabiki wa Simba na wa Yanga wote watataka kuhakiki hesabu ya mwenzake, na hapo huhitaji kumhimiza mtu. Wasiopenda mpira wape matangazo yenye bei.

Kuna na hili la kurasa: gazeti la kurasa 32 lililopangwa kwa karatasi zilizokunjwa, ukitoa ile ya nje na kuitandaza, upande mmoja una 1 na 32, wa pili 2 na 31. Waulize jumla. Ni 33 pande zote mbili, na karatasi inayofuata pia ni 33. Watoto wangu walifungua karatasi zote mpaka ya katikati kuona kama kuna itakayokataa.

Kuhusu vifaa, mkasi si lazima. Kunja, pitisha ukucha kwenye mkunjo, chana taratibu ukiwa umebana na rula. Gundi ni uji mzito wa unga wa ngano. Ila kazi zilizobandikwa hivyo usiziache ukutani muda mrefu, mende wanazipenda. Wino unachafua vidole, kwa hiyo watoto wanawe kabla ya uji wa saa nne. Magazeti yenyewe waombe maofisini, au nunua yale ya kilo wanayonunua wauza maandazi kwa kufungia.

Jambo la mwisho, na hili naomba ulichukulie kwa uzito: pitia kila ukurasa kabla haujafika darasani. Toa picha za ajali, toa habari za ukatili, magazeti ya udaku usiyaingize kabisa. Toa pia kurasa za tanzia. Mtoto anaweza kukuta sura ya mtu wa kwao mikononi mwa mwenzake anayeikata. Na wakati wa kampeni za uchaguzi, tumia magazeti ya mwaka uliopita, kurasa za kilimo, michezo na hali ya hewa, ili jioni mzazi yeyote asije kuuliza kwa nini mwanawe amerudi nyumbani na picha ya mgombea.