Anwani uliyoisoma vizuri nayo yaweza kukudanganya

Kazi yangu ni kuhudumia kompyuta za kampuni za utalii hapa Arusha. Karibu kila ofisi wafanyakazi wameshaambiwa: soma anwani ya tovuti kabla hujaandika nywila. Naomba wasiache kufanya hivyo, ila haitoshi.

Anwani ile inaonyeshwa na brauza, na brauza ni programu tu ya kufungulia tovuti, ina kasoro zake. Mwaka 2018 mtafiti wa usalama Rafay Baloch alionyesha kwamba brauza mbili, Safari ya Apple na Edge ya Microsoft, ziliruhusu anwani ibadilike wakati ukurasa bado unafunguka. Tapeli anaielekeza brauza kwenye tovuti halali, lakini kwa njia ambayo tovuti hiyo haijibu. Brauza inasubiri. Juu linasomeka jina la benki, chini umebaki ukurasa wa tapeli. Microsoft waliirekebisha Edge Agosti mwaka huohuo. Mwaka 2020 Baloch akatangaza kasoro za aina hiyo kwenye brauza za simu, zikiwemo Safari, Opera Touch na UC Browser.

Kwa hiyo sasisha brauza yako. Dada mmoja anayeshughulikia booking huko Sakina alikuwa amezima masasisho yote kwenye simu. "Kaka, yanakula bando." Ni kweli, na bando ni hela. Lakini ofisini kwao kuna Wi-Fi! Tulifungua Play Store, tukagusa picha ya akaunti, tukaingia kwenye mipangilio, na kwenye masasisho ya kiotomatiki tukachagua Wi-Fi pekee. Bando lake haliguswi tena.

La pili ndilo ninalolisisitiza kuliko yote: hifadhi nywila kwenye programu ya kutunza nywila, hata ile iliyomo ndani ya brauza. Yenyewe haitegemei maandishi unayoyaona wewe, inaangalia ukurasa umetoka wapi hasa. Ukiona nywila uliyozoea ijijaze yenyewe leo haiji, usiiandike kwa mkono. Pengine tovuti imebadilisha tu ukurasa wake wa kuingilia, lakini hilo lihakikishe kwanza.

Na barua pepe ikisema "mgeni ameghairi safari, ingia hapa haraka", achana na linki hiyo. Fungua kichupo (tab) kipya, andika anwani mwenyewe, uangalie booking ukiwa humo. Kama kweli ameghairi, utaikuta.