Mwandiko: maswali yenu

*Mwanangu wa darasa la pili, hapa Igoma, anaandika kwa mkono wa kushoto. Bibi yake anataka abadilishwe.*

Mwacheni, mama. Kula na kupokea kitu kwa mkono wa kulia ni adabu, na bibi ana haki ya kuifundisha. Kalamu ni habari nyingine. Lizungushe daftari kidogo, kona ya juu kushoto iwe juu kuliko ya kulia, na mkono ukae chini ya mstari. Kalamu za jeli msimnunulie: wino wake huchelewa kukauka, na mkono wa kushoto hupita palepale ulipotoka kuandika. Peni ya kawaida inamtosha.

*Nataka kupeleka barua ya posa Sengerema. Niandike kwa mkono au nichapishe?*

Kwa mkono, hata kama steshenari wanakuahidi maua pembeni. Barua hiyo huenda ikasomwa kwa sauti mbele ya wajomba na mashangazi, tena na mzee aliyesahau miwani nyumbani, kwa hiyo herufi ziwe kubwa. Anza na rasimu. Kisha chukua karatasi isiyo na mistari, chini yake weka yenye mistari uliyoikoleza kwa peni nyeusi. Itaonekana kwa juu na maneno hayatapanda mlima. Majina ya wazee yaandike taratibu kuliko kitu kingine chochote, maana baba mkwe akikuta lake limekosewa, hayo mengine atayasoma amekunja uso. Ukikosea, usipake wino mweupe. Anza karatasi mpya. Na kama mwandiko wako ni wa kuku kuparua, mwombe dada yako. Saini ndiyo iwe yako.

*Eti mwandiko unaonyesha tabia ya mtu?*

Hapana. Watafiti wamelipima hilo mara nyingi na halijasimama. Matapeli wenye hati safi wapo tele.

*Majina ya mitumbwi pale Mwaloni, Kirumba, yananyookaje wakati ubao umepinda?*

Hayanyooki, ndugu yangu. Fundi mzuri hufuata ukingo wa ubao, jina likapinda pamoja na mtumbwi, na jicho likaridhika. Nafasi pia hazipimi kwa rula: O huisogeza karibu na jirani yake kuliko anavyofanya kwa I au N, kwa sababu mviringo huacha uwazi pembeni. Akizigawa sawasawa kwa sentimita, jina litaonekana lina mapengo. Ndiyo maana kila baada ya herufi mbili tatu utamwona anarudi nyuma, brashi mkononi, kutazama. Ukienda kujifunza, usimzibie mwanga.