Swali: Chati yangu ya plaiwudi ya Indonesia na China iko sawa?

Msomaji ameuliza: "Mtaalamu habari za kazi, nimechora chati ya mauzo ya nje ya plaiwudi ya Indonesia na China kuanzia 1990, kwa dola, mistari imekatana miaka ya 2000. Naweza kuandika China imeipiku Indonesia au nitaumbuka?"

Nzuri ndugu. China kuipiku Indonesia kweli imeipiku, hapo huumbuki, Indonesia ilipiga marufuku kuuza magogo nje 1985 viwanda vikajaa, mwanzoni mwa miaka ya 90 ndio ilikuwa kinara wa dunia na China ilikuwa mnunuzi, halafu China ikageuka muuzaji mkubwa mwanzoni mwa miaka ya 2000. Tatizo ni hizo dola. Dola inabeba bei na wingi kwa pamoja, kwa hiyo mstari ukipanda huwezi kujua wameuza mbao nyingi zaidi au bei tu imepanda, kama 1993 bei za mbao za tropiki ziliporuka. Chukua mita za ujazo kwanza, data za FAO (shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa) zinarudi nyuma mpaka 1961, chora hizo, dola ziweke chati ya pembeni.

Halafu gawanya dola kwa mita za ujazo mwaka kwa mwaka, hii hatua usiiruke kabisa. Plaiwudi inacheza kwenye mamia ya dola kwa mita moja ya ujazo, sasa ukikuta mwaka mmoja umetoa dola 0.6 ujue mtu kajaza kilo kwenye safu ya ujazo. Plaiwudi ina kama kilo 650 kwa mita ya ujazo, kwa hiyo tani 13,000 ni kama mita za ujazo 20,000, rekebisha uendelee.

Hiyo bei ya wastani itakuonyesha na kitu kingine ambacho mimi naona ndio utamu wa ripoti yako: hawa wawili hawauzi kitu kimoja. Namba ya HS 4412, yaani namba ya forodha ya plaiwudi, ni gunia, ndani yake kuna plaiwudi ya meranti (mti wa tropiki) ya Indonesia na kuna ya popla (mti wa kupandwa) ya mashamba ya China ambayo ni nyepesi na bei yake ni ya chini, yaani China inaweza kumzidi mwenzake mbali kwa ujazo halafu kwa dola pengo likawa dogo. Ukiweza shuka mpaka namba za tarakimu sita zilizo ndani ya 4412, utenge zenye uso wa mbao za tropiki, ila uangalie maana vifungu vya 4412 vimepangwa upya zaidi ya mara moja, 2017 na 2022 zikiwemo, mstari unaweza kukatika ukadhani soko limekufa.

Na ukiona China imeshuka kwenye soko la Marekani baada ya 2018 usiandike viwanda vimelegea, Marekani iliwawekea ushuru mzito wa kuzuia bidhaa kutupwa sokoni kwa bei ya chini, mzigo wa Vietnam ukapanda, mpaka Marekani ikaanza kuchunguza kama ni vinia (tabaka nyembamba za mbao) za China zinazogundishwa kule.

Ukitaka kutumia fahirisi ya 1990 = 100, yaani kila nchi ihesabiwe kuanzia mia mwaka huo, usifanye hivyo, China wakati huo ilikuwa inauza kiduchu sana mstari wake utapaa mpaka Indonesia ionekane imelala chini. Weka wastani wa miaka mitatu kama 2000 mpaka 2002 ndio iwe mia.