Mirathi: Shamba la Mwenye Ulemavu Lisiandikwe kwa Jina la Kaka

Mwanangu ana mtindio wa ubongo. Je, sheria inamruhusu kurithi? (Mama, Kitale)

Ndiyo, sawa na nduguze. Swali hili naletewa kila mara, na wengi wanaouliza tayari wamemsikia mtu wa ukoo akisema, "Huyu atalifanyia nini shamba?" Msimpe nafasi.

Kitindamimba wangu, miaka 22, ana ulemavu wa akili. Nataka sehemu yake ya shamba niiandike kwa jina la kaka yake ili amtunze. (Mzee, Nakuru)

Usifanye hivyo, mzee wangu. Hati ikishatoka kwa jina la kaka, shamba ni la kaka. Anaweza kulichukulia mkopo, na akishindwa kulipa, benki italipiga mnada. Hata awe mwema vipi, akifa litarithiwa na mkewe na wanawe, ambao hawakukuahidi lolote. Kijana atabaki na zile Sh2,000 kwa mwezi za Inua Jamii, mpango wa serikali wa kuwasaidia wasiojiweza, tena kama amesajiliwa.

Andika wosia unaoiweka sehemu yake katika amana, yaani ishikwe na wadhamini kwa faida yake. Taja wadhamini wawili, mmoja asiwe wa nyumba yako, na ueleze mapato ya shamba yatumikeje. Ulinzi wa sheria kwa mali ya mtoto hukoma akitimiza miaka 18. Baada ya hapo jamaa hulazimika kwenda mahakamani kuomba kuisimamia, na gharama huila mali hiyo hiyo.

Kisha keti na mama yake mwandike anavyoishi: dawa ya kifafa anameza saa ngapi, chakula gani humkaba, nani akimshika mkono hutulia. Mambo hayo mara nyingi anayajua mama peke yake.

Niliwaambia wanangu siku ya Krismasi nani apate nini. Inatosha? (Machakos)

Haitoshi! Wosia wa mdomo hutaka mashahidi wawili, na ukiishi zaidi ya miezi mitatu hauna nguvu tena. Andika.

Mke wangu anaweza kuwa shahidi? (Thika)

Asiwe. Ulichomwachia kitabatilika, isipokuwa wawepo mashahidi wengine wawili wasiohusika.

Sisi ni Waislamu. Naweza kumwachia binti yangu kiziwi nyumba kwa wasia? Na nani amshikie? (Mombasa)

Wasia haumwendei mrithi ila warithi wenzake waridhie. Mpe hiba, yaani zawadi, ungali hai na mzima, na umkabidhi kweli. Muone Kadhi kwanza. Lakini kwa nini unauliza nani amshikie? Kutosikia si kukosa akili. Hati iwe kwa jina lake, atie saini mwenyewe, na siku hiyo mkalimani wa lugha ya ishara awepo.